Bakteria wa Utumbo na Figo Zinazoumizwa na Kinga ya Mwili

Miongoni mwa magonjwa ya vichujio vya figo yasiyotokana na ugonjwa mwingine, unaoongoza duniani ni ugonjwa wa figo wa IgA. Hausababishwi na kisukari, wala shinikizo la damu, wala kijidudu kinachoingia kwenye figo na kuzishambulia. Kinachoziumiza ni kingamwili za mgonjwa mwenyewe, zilezile ambazo kazi yake ya kila siku ni kulinda utando wa ndani wa utumbo, koo na njia ya hewa. Kwa miongo mingi matibabu yake yalielekezwa zaidi kwenye figo. Utafiti wa miaka ya karibuni umehamishia macho kwenye utumbo, na hasa kwa bakteria wanaoishi humo. Hoja si kwamba bakteria hao husafiri hadi kwenye figo. Hoja ni kwamba jinsi wanavyokaa na kinga ya mwili ndani ya utumbo huchangia kuamua ni kingamwili za namna gani zitaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazolipa gharama pale kingamwili hizo zinapokuwa na kasoro.

Kichujio na udhaifu wake

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Kila kimoja ni kifundo cha mishipa ya damu midogo mno isiyoonekana kwa macho. Kwa siku moja figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki ni lita moja au mbili za mkojo. Ili kazi hiyo ifanyike, damu nyingi lazima ipite kwa shinikizo kwenye kuta nyembamba, na hapo ndipo udhaifu wa kichujio ulipo. Kingamwili zikishikamana na kufanya vishada ndani ya damu, vishada hivyo hunasa kwenye vichujio kwa urahisi kuliko kwenye viungo vingine vingi. Vikishanasa, huzichokoza seli za kichujio na kuamsha kundi la protini za damu liitwalo komplementi. Matokeo yake ni mchochota, yaani tishu kuvimba na kuharibika kutokana na shughuli za kinga. Kichujio kilichojeruhiwa huvujisha damu na protini kwenye mkojo. Kikiendelea kuumia hugeuka kovu, na kovu halichuji.

Magonjwa yanayopita njia hiyo ni kadhaa. Uko ugonjwa wa IgA, uko mchochota wa figo unaotokana na lupasi, na ipo michochota ya mishipa midogo ya damu inayozikumba figo pamoja na mapafu. Katika yote hayo uhusiano na utumbo unachunguzwa, lakini ushahidi mzito zaidi umekusanywa kwenye ugonjwa wa IgA. Kwa sababu hiyo ndio unaofaa kutangulia.

Ugonjwa uliogunduliwa Paris

Mwaka 1968, jijini Paris, Jean Berger na Nicole Hinglais walieleza kundi la wagonjwa ambao vinyama vilivyochukuliwa kwenye figo zao vilikuwa na jambo moja la pamoja. Vilipotiwa dawa inayong'aa chini ya mwanga maalumu wa hadubini, vichujio vyao vilionekana vimejaa kingamwili aina ya IgA. Ndiyo maana ugonjwa huu bado huitwa pia ugonjwa wa Berger. Hadi leo njia ya uhakika ya kuutambua ni hiyohiyo: kuchukua kinyama cha figo kwa sindano na kukipima kwa dawa hizo.

Wengi wanaougua ni vijana na watu wazima wa umri wa kufanya kazi. Baadhi huona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi au kahawa siku moja au mbili baada ya kuumwa koo, na pengine baada ya kuharisha. Wengine hawahisi chochote, na hugundulika pale kipimo cha kawaida cha mkojo kinapoonyesha damu au protini. Muda huo mfupi kati ya maradhi ya koo na mkojo kubadilika una maana kubwa. Katika mchochota wa figo unaofuata maambukizi ya bakteria wa streptokoki, mkojo hubadilika baada ya wiki moja hadi tatu, kwa kuwa mwili huanza kutengeneza kingamwili upya. Katika ugonjwa wa IgA kingamwili tayari zipo. Uchokozi mdogo kwenye utando wa koo au utumbo hutosha kuzimwaga kwa wingi kwenye damu.

Ugonjwa huu ulidhaniwa zamani kuwa wa upole. Takwimu za daftari la kitaifa la Uingereza la magonjwa adimu ya figo, zilizochapishwa mwaka 2023, ziliifuta dhana hiyo. Katika watu zaidi ya 2,000 waliofuatiliwa, ambao wengi walikuwa na protini nyingi kwenye mkojo au figo zilizokwisha kudhoofika, nusu walipoteza kabisa kazi ya figo au kufariki ndani ya kipindi cha ufuatiliaji, na umri wa wastani wa kufikia hapo ulikuwa miaka 48. Huo ni umri wa mtu mwenye watoto shuleni na wazazi wanaomtegemea.

Chanzo hakimo ndani ya figo

Ushahidi kwamba tatizo linaanzia nje ya figo ulitoka kwanza kwenye upandikizaji. Mgonjwa wa IgA anapopewa figo nzima ya mtu mwenye afya, mara nyingi IgA huanza kujikusanya tena kwenye figo hiyo mpya. Kinyume chake nacho kimeonekana: figo ambayo bila kujulikana ilikuwa na IgA, ikipandikizwa kwa mtu aliyeugua ugonjwa mwingine, hujisafisha yenyewe baada ya muda. Figo, basi, ni mahali pa kudondokea. Kinachodondoka hutengenezwa kwingine.

Kwingine huko ni wapi, jibu linaanza na tabia ya IgA yenyewe. Kwa siku moja mwili hutengeneza IgA nyingi kuliko kingamwili nyingine zote zikijumlishwa, na sehemu kubwa hutolewa kwenye utando wa utumbo, gramu kadhaa kila siku. Kazi yake humo ni kuwashika bakteria na sumu, kuvizuia visigusane na ukuta wa utumbo, na kuwachagua bakteria watakaoruhusiwa kuishi karibu. Utumbo wa binadamu una bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana, na amani kati yao na mwili hutegemea sana IgA. Panya wa maabara wanaolelewa bila bakteria hata mmoja huwa na IgA kidogo mno kwenye utumbo. Bakteria, kwa maneno mengine, ndio wanaoichochea.

Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ina vituo vingi vya kinga viitwavyo mabaka ya Peyer. Hapo seli maalumu huonja vipande vya bakteria na chakula, kisha huziamuru seli B zianze kutengeneza IgA. Amri hiyo husaidiwa na vichocheo viwili muhimu, APRIL na BAFF, ambavyo hutolewa na seli za ukuta wa utumbo zinapohisi uwepo wa bakteria. IgA inayokutwa kwenye vichujio vya wagonjwa huwa hasa ya namna ya IgA1 iliyounganishwa pamoja mbilimbili au zaidi, na muungano wa aina hiyo ndio alama ya kingamwili zinazotengenezwa kwenye tando za mwili. IgA ya kawaida ya kwenye damu, inayotoka hasa kwenye uboho wa mifupa, huwa mojamoja.

Sukari iliyopungua

Molekuli ya IgA1 ina shingo ndefu, na kwenye shingo hiyo huning'inia minyororo mifupi ya sukari. Katika hali ya kawaida minyororo mingi humalizika kwa galaktosi au kwa kiungo kinachoifunika. Kwa wagonjwa wa IgA, sehemu kubwa zaidi ya molekuli hukosa galaktosi hiyo. Upungufu unaonekana mdogo, lakini huacha wazi kipande ambacho kinga ya mwili haikizoei. Kinga hukiona kama kitu kigeni na kutengeneza kingamwili nyingine za kukishika.

Mfuatano mzima ulipangwa na watafiti katika hatua nne mwaka 2011, na mpangilio huo bado ndio unaoongoza fikra za wataalamu. Kwanza, IgA1 yenye upungufu wa galaktosi huongezeka kwenye damu. Pili, mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake. Tatu, hizo mbili hushikana na kufanya vishada. Nne, vishada hunasa kwenye vichujio vya figo na kuwasha mchochota. Hatua hizo hueleza jambo ambalo lingesumbua kulielewa: wapo watu wenye IgA1 ya namna hiyo kwa wingi, wakiwemo ndugu wa damu wa wagonjwa, ambao figo zao ni nzima. Hatua moja peke yake haitoshi.

Bakteria waingiapo

Swali linalofuata ni kama bakteria wa utumbo huchangia hatua ya kwanza. Majaribio ya panya yamejibu kwa uzito. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo kuhusu panya waliobadilishwa jeni ili watoe BAFF kupita kiasi. Waliokuwa na bakteria wa kawaida walipata IgA nyingi kwenye damu na kwenye figo, na figo zao ziliugua. Waliolelewa bila bakteria hawakuugua. Jeni zilikuwa zilezile, na kilichotofautiana ni wakazi wa utumbo.

Panya wa kawaida, hata hivyo, hawana IgA1 kama ya binadamu, kwa hiyo majaribio yao hayawezi kueleza kila kitu. Watafiti wa Ufaransa walilivuka pengo hilo kwa kuzalisha panya wenye IgA1 ya binadamu pamoja na kipokezi chake. Panya hao walipopewa antibayotiki za kuua bakteria wengi wa utumbo, IgA1 haikujikusanya kwenye figo zao.

Mwaka 2024 timu ya Paris ilipiga hatua zaidi na kumtaja bakteria mmoja kwa jina: *Akkermansia muciniphila*. Bakteria huyu huishi kwenye ute unaofunika ukuta wa utumbo na hujilisha kwa kukata minyororo ya sukari iliyomo kwenye ute huo. Kwa wagonjwa wa IgA, bakteria walao ute, naye akiwemo, walikuwa wengi kuliko kawaida. Vimeng'enya vyake viliikata pia sukari ya IgA1, na molekuli iliyobaki ilishikwa na kingamwili zilizotoka kwenye damu ya wagonjwa. Ndani ya panya wenye IgA1 ya binadamu, molekuli hizo zilizokatwa zilivuka ukuta wa utumbo, zikarudi kwenye damu na kuishia kwenye vichujio vya figo, na ugonjwa ukazidi.

Uzito wa matokeo hayo uko katika kuziba pengo la maelezo. Hapo awali ilidhaniwa kwamba kasoro ya sukari hutokea tu ndani ya seli B inapojenga IgA1. Sasa kuna njia ya pili: kingamwili hutengenezwa ikiwa kamili, huharibiwa na bakteria ndani ya utumbo, kisha hurejea kwenye damu ikiwa imebadilika. Hata hivyo *Akkermansia* si adui wa wote. Tafiti nyingine zimemhusisha na uzito wa mwili wenye afya na sukari ya damu iliyotulia. Bakteria yuleyule anaweza kuwa msaada katika mwili mmoja na mzigo katika mwingine, kutegemea jeni, ute na kinga ya mwenyeji. Anayetaka kuwagawa bakteria katika makundi mawili ya wema na wabaya atapotoka mapema.

Tafiti za wagonjwa wenyewe, zinazolinganisha bakteria wa kinyesi chao na wa watu wazima wa afya, zimeonyesha tofauti mara kwa mara, lakini orodha za bakteria hazilingani kutoka nchi hadi nchi. Chakula, dawa na umri hubadilisha sana wakazi wa utumbo. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa figo wenyewe huwabadilisha. Tofauti iliyoonekana inaweza kuwa chanzo, inaweza kuwa matokeo, na inaweza kuwa yote mawili. Kwa sababu hiyo majaribio ya panya na ya dawa, ambayo hubadilisha kitu kimoja na kuangalia kinachofuata, yana thamani kuliko orodha peke yake.

Jeni na minyoo

Jeni nazo zinaelekeza utumboni. Tafiti zilizochunguza jeni za maelfu ya wagonjwa zimekuta kwamba nyingi kati ya zile zinazoongeza hatari zinahusika na ulinzi wa tando za mwili. Zimo jeni za difensini, protini ndogo za kuua bakteria zinazotolewa kwenye utumbo mwembamba. Imo CARD9, inayosaidia kutambua vijidudu. Na imo jeni ya APRIL yenyewe. Baadhi yake zinafanana na jeni zinazohusishwa na michochota ya muda mrefu ya utumbo, na wagonjwa wenye michochota hiyo au ugonjwa wa siliaki hupata ugonjwa wa IgA zaidi ya watu wengine.

Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilionyesha kwamba mzigo wa jeni hizo huongezeka kadiri mtu anavyotoka Afrika kuelekea Asia ya Mashariki, na kwamba unakwenda sambamba na wingi wa aina za vijidudu, hasa minyoo, katika mazingira walimoishi wenyeji. Tafsiri inayotolewa ni kwamba kinga kali ya utumbo iliwasaidia mababu kupambana na minyoo, na leo, minyoo ikiwa imepungua, kinga hiyohiyo huwageukia baadhi ya wajukuu.

Ugonjwa wa IgA umeripotiwa mara nyingi zaidi Japani, China na Korea kuliko Afrika. Jeni zinaeleza sehemu ya tofauti hiyo, wala si yote. Japani imekuwa ikipima mkojo wa wanafunzi nchi nzima tangu mwaka 1974, na anayetafuta ndiye anayepata. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kuchukua kinyama cha figo na kukipima kwa dawa zinazong'aa ni huduma ya hospitali chache. Mgonjwa anayefika akiwa tayari anahitaji mashine ya kusafisha damu huwa na figo zilizosinyaa ambazo kinyama chake hakiwezi tena kueleza kilichoziharibu. Uchache wa ugonjwa kwenye vitabu hautoshi kuthibitisha uchache wake kwenye vijiji na mitaa.

Lupasi

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo vingi kwa pamoja: ngozi, viungo vya mifupa, damu, na mara nyingi figo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wanawake wenye asili ya Afrika huupata kwa ukali zaidi, hasa kwenye figo.

Mwaka 2019 watafiti wa New York waliripoti kuhusu wanawake 61 wenye lupasi. Bakteria aitwaye *Ruminococcus gnavus* alikuwa mwingi kwao takriban mara tano kuliko kwa wanawake wenye afya. Kingamwili dhidi ya bakteria huyo ziliongezeka kadiri ugonjwa ulivyozidi, na zilikuwa juu kabisa kwa wale ambao figo zao zilikuwa katika mchochota mkali. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba bakteria *Enterococcus gallinarum* huweza kupenya ukuta wa utumbo wa panya wenye mwelekeo wa lupasi, akafika kwenye ini na kuamsha kingamwili dhidi ya mwili wenyewe. Antibayotiki, na hata chanjo dhidi ya bakteria huyo, ziliwaokoa panya.

Katika lupasi onyo la kutowagawa bakteria katika wema na wabaya lina ushahidi wa wazi. Bakteria wa jamii ya laktobasili, wanaosifiwa katika matangazo ya maziwa ya mgando na vidonge vya bakteria, walipunguza mchochota wa figo katika aina moja ya panya wenye lupasi. Katika aina nyingine ya panya, *Lactobacillus reuteri* aliuzidisha ugonjwa. Kilichowasaidia panya hao wa pili ni chakula chenye wanga usiomeng'enywa kwa urahisi, ambao uliwafanya bakteria wa utumbo watoe asidi zilizomzuia *reuteri* kustawi.

Seli zinazohama

Kingamwili si njia pekee. Utumbo huwa makazi ya seli T ziitwazo Th17, ambazo hulinda dhidi ya bakteria na kuvu lakini pia huweza kuwasha mchochota mkali. Mwaka 2016 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walitumia panya ambao seli zao zingeweza kubadilishwa rangi kwa mwanga, wakazifuatilia seli za utumbo. Figo zilipopata mchochota, seli Th17 zilizotiwa alama utumboni zilionekana zimehamia kwenye figo. Bakteria wa utumbo walipopunguzwa kwa antibayotiki, seli hizo zilipungua na figo ziliumia kidogo. Kwa njia hii hata magonjwa ambayo hayana IgA yenye kasoro yanaweza kuwa na mguu mmoja utumboni.

Njia ya kurudi

Uhusiano huu huenda pande zote mbili. Figo zikidhoofika, urea hujaa kwenye damu na kuvuja hadi kwenye utumbo. Bakteria wenye uwezo wa kuivunja urea huongezeka na kutoa amonia, ambayo hulegeza maungio kati ya seli za ukuta wa utumbo. Vipande vya bakteria hupenya kwenye damu na kuendeleza mchochota. Wakati huohuo bakteria wanaovunja protini za chakula huzalisha vitu vinavyogeuzwa na ini kuwa indoksili salfeti na p-kresili salfeti. Mtu mwenye figo nzima huvitoa kwenye mkojo. Kwa mgonjwa hubaki mwilini na kuiumiza mishipa ya damu na figo zenyewe. Mlo wa mgonjwa huongeza tatizo, kwani katazo la matunda na mboga zenye potasiamu hupunguza nyuzinyuzi, chakula kikuu cha bakteria wanaotoa asidi zenye manufaa. Duara hilo likianza, ni vigumu kusema ni upande upi uliotangulia.

Tiba zinazolenga utumbo

Kipimo kikubwa cha hoja yoyote ya kitabibu ni kama mgonjwa anapona au anaumia kidogo zaidi. Budesonidi ni steroidi inayofahamika kwa miaka mingi katika tiba ya pumu. Imetengenezwa sasa katika kidonge ambacho hakiyeyuki tumboni, bali hufunguka kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, palipo na mabaka mengi ya Peyer. Jaribio la watu 364 wenye ugonjwa wa IgA, lililochapishwa mwaka 2023, liliwapa nusu yao miligramu 16 kwa siku kwa miezi 9, kisha wote wakafuatiliwa kwa miezi mingine 15 bila dawa hiyo. Kwa muda wote wa miaka miwili, waliotumia dawa walipoteza wastani mdogo wa uwezo wa kuchuja, takriban mililita 2.5 kwa dakika, dhidi ya 7.5 kwa wasioitumia. Marekani iliipa kibali cha awali Desemba 2021 na kibali kamili Desemba 2023. Dawa iliyopangwa kufanya kazi utumboni ililinda figo. Sehemu yake huingia kwenye damu, kwa hiyo hoja haijafungwa kabisa, lakini imepata nguvu kubwa.

Dawa nyingine ni kingamwili zilizotengenezwa kuishika APRIL ili seli B zisipate amri ya kutengeneza IgA yenye kasoro. Katika jaribio la sibeprenlimabu lililohusisha wagonjwa 155, protini kwenye mkojo ilipungua kwa asilimia 62 baada ya mwaka mmoja kwa waliopewa dozi kubwa, dhidi ya asilimia 20 kwa wasiopewa.

Tiba hizi zinavutia zaidi zikilinganishwa na steroidi za mwili mzima. Jaribio la kimataifa la steroidi hizo lililochapishwa mwaka 2017 lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara makubwa, hasa maambukizi: asilimia 14.7 ya waliotumia dawa walipata madhara makubwa ya aina yoyote, dhidi ya asilimia 3.2 ya wasiotumia. Katika nchi ambako kifua kikuu ni cha kawaida, hatari hiyo ina uzito wa pekee. Hata budesonidi ya utumbo haitoki kwenye sheria hiyo, na mgonjwa lazima achunguzwe kifua kikuu kabla ya kuianza.

Kubadilisha bakteria moja kwa moja bado hakujafikia kiwango cha tiba. Kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya kumejaribiwa kwa wagonjwa wachache. Vidonge vya bakteria havina ushahidi wa kutosha kwa magonjwa haya, na mfano wa *reuteri* unaonyesha kwa nini mtu mwenye lupasi hapaswi kujinunulia tu dukani. Antibayotiki zilizowasaidia panya zingeweza kumharibia binadamu utumbo wote na kukuza usugu. Kuzinunua bila cheti cha daktari kwa matumaini ya kulinda figo ni kosa linaloweza kumgharimu mtu maisha.

Chakula cha Afrika Mashariki

Tanzania ina nafasi ya pekee katika elimu ya bakteria wa utumbo. Wahadza, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda na kukusanya mizizi, asali na matunda ya mwituni, walichunguzwa katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 na 2017. Bakteria wao ni wa aina nyingi kuliko wa wakazi wa miji ya Ulaya, na hubadilika kwa misimu ya mvua na kiangazi kama chakula chao kinavyobadilika.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa mkoani Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini walioacha chakula chao cha asili na kula chakula cha mtindo wa nchi za Magharibi kwa wiki mbili walionyesha dalili za mchochota kuongezeka kwenye damu. Wa mjini waliorudi kwenye chakula cha asili, chenye mboga, kunde na nafaka nzima, walionyesha mchochota kupungua, na waliokunywa mbege kwa wiki moja nao walionyesha mabadiliko ya kinga ya upande huo. Baadhi ya mabadiliko yalidumu hata wiki nne baada ya jaribio.

Jaribio hilo halikupima ugonjwa wa figo, na haliruhusu kudai kwamba maharage au mbege hutibu ugonjwa wa IgA au lupasi. Linachothibitisha ni kwamba kinga ya binadamu huitikia chakula ndani ya wiki moja au mbili, na kwamba sahani ya kienyeji inayoachwa mijini kwa kuonekana ya kizamani ina thamani ambayo sayansi imeanza kuipima. Kwa mtu mwenye afya, kula nyuzinyuzi nyingi kutoka kwenye kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa ni ushauri salama. Kwa mgonjwa wa figo, mlo hupangwa na daktari na mtaalamu wa lishe, kwa kuwa potasiamu na fosfati zinaweza kumdhuru.

Mpaka dawa za utumbo zitakapofika hospitali za wilaya kwa bei inayolipika, nguzo za matibabu zinabaki zilezile na zinapatikana: kushusha shinikizo la damu, kutumia dawa za kundi la losartani au enalaprili zinazopunguza protini kwenye mkojo, kuongeza dawa za kundi la dapagliflozini pale inapofaa, kupunguza chumvi, kuacha sigara, na kujiepusha na dawa za maumivu kama diklofenaki. Kipimo cha mkojo kwa kijiti, ambacho ni rahisi kuliko karibu kila kipimo kingine cha hospitali, hugundua damu na protini miaka mingi kabla figo hazijachoka. Mtu ambaye mkojo wake umebadilika rangi baada ya kuumwa koo au tumbo, na mwanamke mwenye lupasi hata kama hajisikii vibaya, wanastahili kipimo hicho. Elimu ya bakteria wa utumbo imeeleza ugonjwa unakoanzia, lakini wa kufaidika nayo ni mgonjwa atakayegundulika kabla vichujio vyake havijawa kovu.